Wimbo wako haujakosa ukali, unajitetea tu

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mi naandika nyimbo na nimeanza kurekodi mwaka huu. Nilikuwa na mtu miaka miwili, hakuwahi kunipiga wala kunitukana, ila kila nikiongea ananirekebisha, nikianza stori mbele ya watu ananimalizia, nikikosea kutamka neno anacheka alafu ananifundisha. Siku niliyomwambia nimeandika wimbo wangu wa kwanza alinipapasa kichwani mbele ya rafiki zake akasema "ameandika kawimbo", akacheka, na wao wakacheka. Nimeshaondoka kwake. Sasa nimemwandikia wimbo, kodi nne za gitaa, yani noti zinazopigwa pamoja, zinazunguka, na korasi ni hii:

Mimi sio mjinga, nina akili zangu
Nimesoma, najua, nina kazi yangu
Kila unachojua nakijua mwenzangu
Usinidharau, heshimu utu wangu

Prodyuza anasema melodi ipo ila korasi haipigi. Rafiki yangu anasema nasikika kama nalalamika. Niongeze ukali? Nimtukane? Sauti niliyorekodi kwa simu nimekutumia.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza pole, na hongera kwa kuondoka, manake mtu wa aina hiyo ni mgumu kumuacha kuliko anayepiga kelele, hakuna siku unaweza kuionyesha watu ukasema hii hapa ndo siku aliyonikosea. Kila kitu alichofanya ukikitoa peke yake kinaonekana kidogo.

Sauti yako nimeisikiliza mara nne. Usiongeze ukali, na matusi usiyaguse kabisa, sio kwa sababu ya adabu, ni kwa sababu hayatatibu ugonjwa ulio nao huo wimbo. Ugonjwa wenyewe ni kwamba korasi yako inajitetea. Soma mistari yako minne kama vile sio yako. Mtu kasimama mbele ya mtu mwingine anataja vyeti vyake, nina akili, nimesoma, nina kazi, na wewe unachojua na mimi nakijua. Sasa anamtajia nani? Anamtajia yule yule aliyekuwa anamsahihisha. Yani umeondoka nyumbani kwake lakini kwenye wimbo bado umekaa kwenye mtihani wake unasubiri akupe maksi, na rafiki yako anaposema unalalamika ndo hicho anachokisikia hata kama hawezi kukieleza.

Alafu kuna kitu kwenye melodi ambacho nadhani hukukigundua. Kwenye mstari wa kwanza noti ndefu kuliko zote, ile unayoivuta na sauti inapanda, umeiweka kwenye neno "mjinga". "Sio" umeipita haraka haraka kama silabi ya njiani. Msikilizaji wa mara ya kwanza hasikii sentensi nzima, anasikia neno lililokaa juu, kwahiyo anaondoka na "mimi mjinga" kichwani. Hili ni kosa la kawaida sana kwenye nyimbo za kukataa, neno la yule unayemkataa linapewa kiti cha mbele, la kwako linakaa nyuma. Kanuni ninayowapa wanafunzi wangu ni kwamba noti ndefu ya korasi ni ya neno ambalo ungependa ukumbukwe nalo, na neno la kukushusha likiwa lazima liwepo basi liwe chini, fupi, lipite.

Na vina vyako, zangu, yangu, mwenzangu, wangu. Kiswahili maneno yake karibu yote yanaishia na irabu kwahiyo vina ni rahisi kupata, na kina cha -angu ndo rahisi kuliko vyote, mkono unakiandika wenyewe. Lakini hapa kina madhara zaidi ya uvivu, kila mstari unaishia na kitu unachokimiliki, inakuwa orodha ya mali mbele ya hakimu. Na hiyo "mwenzangu" imeniuma kidogo, unamwita mwenzako mtu ambaye hajawahi kukukubali kuwa mwenzake.

Sasa tuangalie waliofanikiwa, manake hii kazi ilishafanywa vizuri kabla yetu.

Mwaka 1963 binti wa Kimarekani wa miaka 17, Lesley Gore, alirekodi "You Don't Own Me". Umeandikwa na vijana wawili wanaume, John Madara na David White, prodyuza akiwa Quincy Jones, na ulifika namba 2 kwenye chati ya Billboard, orodha ya nyimbo zinazotamba Marekani, mwanzoni mwa 1964, kilichouzuia kufika namba 1 ni The Beatles na "I Want to Hold Your Hand". Usikilize ukiwa na kalamu mkononi. Hamna mahali popote anapoleta ushahidi kwamba ana akili. Anamwambia jamaa asimpangie la kusema, asimpangie la kufanya, asimweke kama pambo la kuonyeshea watu, basi. Hatoi sababu, na kutokutoa sababu ndo nguvu yake, kwa sababu ukishatoa sababu umempa mwenzako nafasi ya kuipinga, na mjuaji anaishi kwa kupinga sababu za watu.

Alafu sikiliza kinachofanyika chini ya maneno. Vesi iko kwenye maina, yani ngazi ya noti inayosikika na huzuni, ina kivuli, imebana, halafu anapofika kwenye yale makatazo muziki unafunguka unaingia meja, ngazi yenye mwanga zaidi, kama mtu aliyetoka chumba chenye mapazia akasimama uani. Baadaye kii nzima inapanda, yani noti zote za wimbo zinahama juu kwa pamoja. Binti hajaongeza tusi hata moja, muziki ndo umemsogeza. Prodyuza wako akikuambia korasi haipigi, swali la kumuuliza ni hili, tunatoka wapi kwenda wapi? Kwenye demo yako, hiyo uliyorekodi kwa simu, vesi na korasi zote ziko kimo kile kile cha sauti, nguvu ile ile, tangu mwanzo umeshapaza, hakuna pa kwenda.

Hizo kodi nne zisikutie wasiwasi. "I Will Survive" ya Gloria Gaynor ina kodi nane zinazozunguka tangu mwanzo mpaka mwisho, vesi ni zile zile na korasi ni zile zile. Kinachobadilika ni mwimbaji. Anaanza karibu peke yake na piano, hakuna ngoma, anakiri kwamba aliogopa, kisha biti inaingia na kuanzia hapo yule aliyeogopa anamuonyesha jamaa mlango. Ulitoka 1978 ukiwa upande wa pili wa sahani ya santuri, upande wa kwanza ulikuwa wimbo mwingine kabisa, madijei ndo walioigeuza sahani, na 1979 ukakaa namba 1 Marekani. Fundisho langu kwako hapo ni ule mwanzo. Alikubali kusikika mdogo kwa sekunde chache ili tumsikie akikua. Wewe hujatupa hiyo nafasi, unatuambia wewe ni mkubwa kabla hatujaona umefanywa mdogo vipi.

Na hapa ndo nataka tukae kidogo.

Barua yako ina wimbo mzuri kuliko wimbo wako. Umeandika kwamba alikupapasa kichwani mbele ya rafiki zake akasema "ameandika kawimbo". Hilo umelipitia kwa sentensi moja kwenye barua, na kwenye wimbo halipo kabisa! Kwenye wimbo kuna "usinidharau", neno ambalo kila mtu analijua na halina picha. Mkono unaopapasa kichwa cha mtu mzima kama cha mtoto aliyemaliza kula, watu wamekaa wanaangalia, na kale ka "ka" mbele ya wimbo, hicho kitu mtu anakiona, na anakisikia mwilini. Ungeniambia alikutukana ningekuhurumia, lakini ulivyoniambia kawimbo nilikasirika.

Iangalie hiyo silabi. Hajasema wimbo wako mbaya, angesema mbaya ungeweza kubishana naye. Hajasema chochote cha kumshitaki. Kaongeza silabi moja tu mbele ya kazi yako na kazi ikawa ya kitoto, na kila aliyekuwepo akacheka bila kujua anacheka nini, na wewe ungelalamika ungeambiwa una hasira za haraka, ni utani tu. Dharau ya namna hii haina sauti kubwa, inakuja kwa upole, inakuja hata na tabasamu, mara nyingine inakuja imevaa nguo za msaada. Ndo maana wimbo wa kuikataa ukiwa na makelele tangu mwanzo haieleweki unamkemea nani, msikilizaji hajaona kosa, anaona mtu anafoka.

Kwahiyo vesi zako kazi yake ni kuonyesha, taratibu, kitu kimoja kimoja, na Kiswahili kimekupa kifaa ambacho Lesley Gore hakuwa nacho. Andika vitenzi vyote alivyokufanyia. Unanirekebisha. Unanimalizia. Unanifundisha. Unanielewesha. Ukanipapasa. Unaona "ni" ilipokaa? Katikati. Yeye yuko mwanzo, kitendo kiko mwisho, wewe umebanwa hapo kati kama mtu aliyekaa siti ya nyuma katikati ya watu wawili wanene. Huhitaji kuandika "ulinikandamiza", sarufi yenyewe inakuimbia. Sasa korasi ikifika, hiyo "ni" itoe katikati uilete mbele. Nimefunga. Ninaimba. Nimeamua. Msikilizaji hatajua kwa nini kifua chake kimefunguka ila kitafunguka, silabi ile ile iliyokuwa inasukumwa sasa ndo inasukuma.

Rudi sasa kwenye korasi yako uone, "usinidharau", hata pale unapokataa bado uko katikati ya kitenzi chake.

Nikuonyeshe kwa mfano, sio ili uuchukue, ila uone mwendo. Vesi:

Naanza sentensi, unaimaliza
Natamka neno, unanifundisha
Nimekuja na wimbo, ukanipapasa
Kichwani, mbele zao: "kawimbo", ukacheka

Hakuna hata neno moja la hasira hapo. Hata vina sijavikaza, sha na sa vinakaribiana tu, na mstari wa nne nimeuacha uvunjike bila kina kwa makusudi, kwa sababu hapo ndo kitu kilipovunjika. Alafu korasi:

Nimefunga mlango
Ninaimba kawimbo
Nimefunga mlango
Ninaimba kawimbo

Hesabu mizani, yani silabi za kila mstari. Ni-me-fu-nga-m-la-ngo, saba. Ni-na-i-mba-ka-wi-mbo, saba. Na mkazo wa Kiswahili kama unavyojua unakaa silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, kwahiyo kwenye mstari wa kwanza ni FU na LA, kwenye wa pili ni I na WI, yani silabi ya tatu na ya sita, mistari yote miwili. Biti ikipiga hapo maneno yanakaa yenyewe bila kulazimishwa. Hili nalisisitiza kwa sababu kwenye demo yako "najua" umeiimba mkazo ukiwa kwenye "na", inasikika kama mtu aliyejifunza lugha juzi. Mkazo ukihama Kiswahili kinaumia, mfano unaojulikana na wengi ni barabara, ukikazia silabi ya tatu, "ba", ni njia ya magari, ukikazia ya pili, "ra", ni sawasawa kabisa. Kila mstari useme kwanza kwa mdomo kama unaongea na mtu, pigia meza pale sauti inapobonyea, ndo uutafutie melodi.

Sasa kuhusu hilo neno kuingia kwenye korasi. Najua utasema mbona neno lake tena, si umesema tusimpe kiti cha mbele? Tofauti ni nani analitumia. "Mjinga" ulikuwa unalikana, ukilikana unalishikilia. "Kawimbo" unalichukua kabisa linakuwa la kwako, na linakuwa ndo jina la wimbo. Aretha Franklin alifanya hivyo kwa namna kubwa zaidi. "Respect" iliandikwa na kurekodiwa kwanza na Otis Redding 1965, na kwake ilikuwa ni mwanaume anayedai heshima yake akirudi nyumbani. Aretha 1967 akaichukua hiyo hiyo, akaigeuza anayedai awe mwanamke, ikawa namba 1. Na kile ambacho watu wote wanakikumbuka, pale anapolitaja neno herufi moja moja, kwenye rekodi ya Otis hakipo, ni cha Aretha. Mi kila nikikisikia naona darasa limegeuka. Yule aliyezoea kufundisha sasa anaandikiwa ubaoni herufi kwa herufi, na dada zake Aretha wanaitikia nyuma. Hajamuita mjinga. Kamtajia herufi tu.

Njia ya pili ni kumpa yeye jina. Kelly Clarkson 2011 alitoa "Mr. Know It All", jina la wimbo ndo jina la jamaa, na kwa Kiswahili tunalo tayari, Mjuaji. Ni njia nzuri na ya haraka, watu wanacheka, wanaimba. Kwa wimbo wako mi naona kawimbo ina nguvu zaidi kwa sababu mjuaji yuko kila mahali ila kawimbo kametokea kwako, siku ile, na mtu mwingine asingeweza kukibuni. Na kama una kitu cha kushika mkononi kitumie, Beyoncé kwenye "Irreplaceable" ya 2006 hasimulii hasira yake sana, anamuonyesha jamaa vitu vyake vilivyokwisha kufungwa kwenye boksi na upande wa kuelekea, na wimbo ule ulikaa namba 1 Marekani wiki 10. Boksi moja lilifanya kazi ya matusi mia. Kwako ni mlango, au kitu kingine, wewe ndo uliyekuwepo siku unaondoka.

Jina lake halisi usiliweke, wala kazi yake wala mtaa wake. Utajiletea kesi na pia utaufanya wimbo uwe wake.

Kuhusu kuimba. Vesi uimbe chini, karibu sana na maiki, kama unamsimulia mtu mmoja usiku na watoto wamelala. Usiigize machozi, wala usiweke ile sauti ya kukwaruza ya mwisho wa mstari ambayo umeiweka mara nyingi kwenye demo, hapo ndo malalamiko yanapoingilia hata maneno yakiwa mazima. Korasi ikija usipande kwa kupiga kelele, panda kwa melodi, noti tatu au nne juu ya vesi inatosha, pumzi ijae kabla ya "nimefunga" na usiikate katikati. Mwambie prodyuza vesi ya kwanza aache gitaa peke yake, besi iingie vesi ya pili. Besi inaweza kubeba kiburi ambacho wewe huhitaji kukiimba, sikiliza "These Boots Are Made for Walkin'" ya Nancy Sinatra, iliyofika namba 1 Marekani 1966, lile besi linaloteremka mwanzoni kabla hajafungua mdomo, limeshamaliza ugomvi wote, yeye akija anaongea kwa utulivu tu. Ukiweza kupata kitu cha namna hiyo, hata noti nne tu zinazoshuka kwenye kodi zako hizo hizo, nusu ya kazi imeisha.

Bridji, ile sehemu tofauti kabla ya korasi ya mwisho, wengi wanaitumia kueleza, "nilikupenda lakini", "ungejua tu". Usieleze. Mi ningependekeza hapo urudie ule mstari wa kichwani, wa mbele zao, bila ala yoyote, uufikishe mpaka "kawimbo", alafu ukimya. Pale alipocheka yeye pasiwe na kitu. Sekunde mbili nzima, na prodyuza atataka kuzijaza, atakuambia redioni watu watadhani wimbo umekata, umkatalie kwa heshima lakini umkatalie. Msikilizaji ndo atakisikia kicheko mwenyewe ndani ya hizo sekunde mbili, na kila mmoja atasikia kicheko cha mtu wake.

Kisha korasi inarudi, na mara hii "kawimbo" ndo unaivuta, noti ndefu ya wimbo mzima iwe kwenye WI. Hiyo silabi ya "ka" iache fupi mno, iguse tu upite.

Mistari yako ya zamani usiitupe, iweke pembeni, ilikuwa ni lazima uiandike kwanza ili umalize kubishana naye. Sasa andika vesi mbili mpya, rekodi kwa simu na gitaa tu, bila biti, unitumie kabla hujarudi studio. Na ile stori aliyokumalizia mbele ya watu nataka kujua ilikuwa ni stori gani, manake nadhani vesi ya pili iko humo.